Injini ya Baba

Mnunuzi alikuja Jumamosi moja na pesa taslimu na sharti moja tu: gari liwe vile lilivyotoka kiwandani. Hata injini iliyokufa asiguse mtu. Yeye mwenyewe angetafuta spea Ujerumani aifufue polepole, bora namba iliyochongwa kwenye injini ilingane na ile ya logbook.

Kombi yetu ni ya 1983, ile ya boksi boksi ambayo wapenzi wake huiita T3. Ndani ina kitanda, jiko la gesi, sinki ya ukubwa wa sahani na paa la kuinuka, yaani nyumba ndogo yenye magurudumu. Baba alikuwa dereva wa kampuni ya utalii. Biashara ilipokufa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, kampuni ilishindwa kumlipa mishahara ya miezi kadhaa, ikampa Kombi. Alituendesha nayo kila Desemba hadi alipofariki. Baadaye ikakaa shags chini ya mparachichi, na kuku wakaona hapo ni pazuri pa kutagia.

Mama alitaka kuuza. Karo ya dadangu ilikuwa inangoja. Mjomba, ambaye ni fundi pale Grogan, alitaka tuingize injini ya kisasa ya dizeli na giaboksi nyingine, kisha tuwe tunaikodisha kwa watu wa kupiga kambi. Wakabishana wiki mbili. Mwishowe Mama akanigeukia mimi, ambaye nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu na kwa kawaida siulizwi kitu.

"Wewe si ulikuwa unasomea historia? Nijibu basi. Ikitolewa injini, hilo bado ni gari la baba yako?"

Nikaenda kusoma. Sijawahi kusoma hivyo hata wakati wa mitihani.

Jambo la kwanza nililolipata ni kwamba Kombi haikuzaliwa kwenye ofisi ya wachoraji. Ilizaliwa kwa shida. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda cha Volkswagen cha Wolfsburg kilikuwa chini ya jeshi la Uingereza, na meja mmoja anayeitwa Ivan Hirst ndiye aliyekisimamia. Jeshi lilipochukua tena mashine lilizokuwa limekiazima za kubebea mizigo, mafundi walitengeneza kitu chao: wakachukua chasi ya Beetle, wakaweka jukwaa tambarare mbele na kiti cha dereva nyuma, juu ya injini. Wakakiita Plattenwagen. Hiyo, kwa Kiswahili chetu, ni jua kali.

Mfanyabiashara Mholanzi aitwaye Ben Pon alikiona kikizunguka humo kiwandani. Tarehe 23 Aprili 1947 akachora kwenye daftari lake boksi lenye dereva mbele kabisa na injini nyuma kabisa. Mchoro wenyewe ungeweza kuchorwa na mtoto wa nasari. Walipojaribu kuujenga juu ya chasi ya kawaida ya Beetle, chasi ikashindwa na mzigo, wakalazimika kuunda fremu nzito zaidi. Uzalishaji ulianza Machi 1950.

Sasa sikiza maneno ya injini na gia. Injini ilikuwa ya Beetle, cc 1,131 na nguvu farasi 25. Boksi lote lile, limejaa mizigo, linavutwa na farasi 25! Haingewezekana bila ujanja, na ujanja ulitoka kwenye gari la vita. Jeshi la Hitler lilikuwa na gari dogo lililoitwa Kübelwagen, ambalo magurudumu yake ya nyuma yalikuwa na gia ndogo za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuvuta. Kombi ikarithi mpango huo, na gia hizo zikabaki kwenye magurudumu yake hadi 1967.

Kwa hivyo tangu siku ya kwanza ilikuwa ni injini ya gari moja na gia za gari lingine ndani ya bodi ya tatu. Nilipomwambia Mjomba alicheka hadi akaweka spana chini. "Profesa," akasema, ndilo jina analonitania nalo tangu niache chuo, "kumbe hao watu ni wa Grogan."

Hata injini ya Baba, ile ambayo mnunuzi aliiheshimu kama kaburi la shujaa, haikutengenezewa Kombi. Volkswagen walikuwa na dizeli ndogo ya lita 1.5 waliyoiweka kwenye Golf mwaka 1976. Mwaka 1981 wakaichukua, ikiwa imekuzwa hadi lita 1.6, wakaitia kwenye T3. Haikutoshea ikiwa imesimama, kwa sababu sakafu ya nyuma ingebidi iinuliwe, basi wakailaza upande, digrii 50. Ilitoa farasi 50. Mbele kukabaki redieta, na mabomba ya maji yakapita chini ya gari lote kutoka nyuma hadi mbele.

Farasi 50 ni sawa ukiwa ufuoni. Huku kwetu ni hesabu nyingine. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Nairobi tayari uko juu ya mita 1,600. Ukifika karibu na Limuru umepita 2,000, na wale farasi wamebaki arobaini hivi, wakivuta gari, kitanda, jiko, na familia ya watu wanne. Barabara ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano na yenye kakanisa kao kadogo ka 1942 kando yake, Baba alikuwa anaipanda kwa gia ya pili. Malori yalitupita. Mimi nilidhani ni ustaarabu wake tu wa kuendesha.

Watetezi wa uasili nao wana hoja, na sitaki kuwadharau. Ujerumani, gari la miaka 30 lililohifadhiwa vizuri linaweza kupewa namba yenye herufi H, na hapo wanaangalia sana kama limebaki karibu na lilivyokuwa. Bila watu kama hao, vitu vingi vingeishia kwa wauza vyuma. Lakini viwanda vyenyewe havikuwa na heshima hiyo. Ujerumani walipoachana na T3, Afrika Kusini waliendelea kuiunda Uitenhage hadi 2002, na miaka hiyo ya mwisho waliitia injini za Audi za silinda tano. Brazil waliendelea na Kombi ya zamani zaidi hadi Desemba 2013. Waliwahi kuijaribu na dizeli miaka ya themanini, na mwishoni mwa 2005 wakatoa injini iliyopozwa kwa hewa wakaweka ya maji. Kama kubadilisha injini kunaua Kombi, basi kampuni yenyewe iliiua mara nyingi.

Nilimpelekea Mama majibu hayo. Akasikiliza yote, akasema, "Sikuuliza kuhusu Brazil." Lakini kesho yake akampigia mnunuzi simu.

Injini tuliyopata ni TDI ya lita 1.9, ya farasi 90, kutoka kwa Golf iliyogongwa Uingereza na kushuka Mombasa ndani ya kontena. Wengi hudhani faida ni zile farasi. Faida kubwa ni nguvu ya kuzungusha: ile ya zamani ilikuwa na Nm 103, hii ina 202. Maradufu, na inakuja mapema kabla injini haijaanza kupiga kelele. Halafu turbo inairudishia hewa ambayo mlima umenyang'anya.

Utamu ni kwamba TDI hii ni mtoto wa ukoo uleule. Inafungika pale pale. Ila kwa kuwa lazima ilale digrii 50, karta yake ya oili haifai, maana oili ingekimbilia upande mmoja na pampu ifyonze hewa. Inabidi utoe karta na bomba la kufyonzea oili kwenye injini ya zamani uvihamishie kwa mpya. Pamoja na mabano ya kuishikilia. Nilivisafisha mwenyewe kwa petroli na mswaki, siku mbili, nikitoa oili nyeusi ambayo Baba ndiye aliyeimwaga humo mara ya mwisho.

Pampu ya kompyuta Mjomba aliikataa. Akaweka ya zamani isiyohitaji kompyuta. "Ikizima Loiyangalani, utapata wapi mtu wa laptop?"

Giaboksi ndiyo ilitumaliza. Ile ya zamani ilipangiwa injini dhaifu, gia zake ni fupi mno, kwa hivyo ukifika kilomita 90 kwa saa injini inalia kama ng'ombe wa kuchinjwa. Wazo la kwanza lilikuwa giaboksi ya Subaru, kwa sababu spea za Subaru Nairobi ni kama sukuma wiki. Shida ni kwamba Subaru injini iko mbele. Ukiigeuza ukaiweka nyuma, magurudumu yanazunguka kinyume, na unajikuta na gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Inarekebishika kwa kubadilisha meno ya difu yenyewe, lakini kwa bei ambayo ingekula karo. Tukangoja miezi minne hadi ikapatikana ya gia tano kutoka Afrika Kusini, tukaifunga ganda la mbele la ile yetu.

Logbook nayo ilibadilishwa baada ya ukaguzi. Namba ya injini ni mpya, jina ni la Mama. Injini ya zamani, bila karta, iko kwenye stoo. Muuza vyuma ameiulizia mara mbili na Mama amemwambia arudi mwezi ujao.

Mwezi wa Nane tukaenda Naivasha, Mjomba kwenye usukani. Kurudi, tukaanza kupanda kutoka Mai Mahiu kwa gia ya tatu, tukapita lori, tukapita lingine. Nilikuwa naangalia geji ya joto, sindano imetulia katikati. Mama alikuwa nyuma, ameshika kiti kwa mikono miwili. Tulipoikaribia ile kona ya wauza mahindi akainama mbele.

"Mbona hatusimami?"

"Kusimama kwani kuna nini, dada? Haijachemka."

"Baba yao alikuwa anasimama hapa."

Mjomba akaniangalia, akawasha indiketa. Tukanunua mahindi manne, moja tukampa dadangu aliyekuwa amelala, na tukala tumeegemea gari, injini ikinguruma.

"Zima," Mama akasema. "Tuipumzishe kidogo."