Kizimkazi kwa Miguu, Nje ya Msimu

Neno "msimu" limesafiri kuliko wengi wetu. Limetoka kwenye Kiarabu, mawsim, na huko lilibeba mengi: wakati wa mavuno, wakati wa pepo za kusafiria, na siku za hija pia. Wazungu nao wakalichukua, wakaziita kwa jina hilo pepo za Bahari ya Hindi. Leo Unguja ukitaja msimu watu wanaelewa watalii. Masika ikishika, Machi mpaka Mei, baadhi ya hoteli za pwani hufungwa na vijana hurudi nyumbani kusubiri Juni.

Wakati huo ndio niliouchagua kutembea kwa miguu kutoka Mwanakwerekwe mpaka msikiti wa Kizimkazi Dimbani, karibu kilomita 50. Shangazi yangu alipopata habari aliuliza moja tu: "Unakwenda kuhiji Kizimkazi, mwanangu?" Akanikumbusha kuwa misikiti ya kufungiwa safari kwa ajili ya ibada ni mitatu: Makka, Madina na Baitul Maqdis. Hakuwa anatania. Babu yangu, yaani baba yake yeye, alifariki na nia ya hija moyoni, hakujaaliwa kwenda.

Ili kuelewa nia ya namna hiyo ilibeba nini zamani, hesabu kalenda mbili. Bahari inafuata jua: kaskazi inavuma kuanzia Novemba au Disemba mpaka Machi, ikileta majahazi, kusi inaanza Aprili mpaka Septemba, ikiyarudisha kaskazini. Hija inafuata mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Mfunguo Tatu, ndiyo Dhulhija, unaizunguka misimu yote kwa miaka kama 33.

Sasa chukua mwaka ambao hija imeangukia Januari. Mtu wa Unguja asingeweza kungoja Disemba ndiyo apande jahazi, kwa sababu upepo ungemkabili usoni. Ilimbidi aondoke na kusi, miezi mingi kabla, akae ugenini. Na kusi yenyewe haikuwa ya kuchezea. Juni na Julai hupiga kwa nguvu. Nani atabaki na shamba? Nani atalipa madeni? Watoto watakula kwa nani? Kuaga kulikuwa kuaga kweli.

Wengi hawakwenda, na Kizimkazi ni kwa hao pia. Ukiutazama msikiti kwa nje, jengo la kawaida tu, maana ulijengwa upya karne ya 18. Lakini kwenye kibla kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Mwezi uliotajwa ni Dhulkaada, Mfunguo Pili wetu, mwezi unaotangulia hija. Basi wakati wenye uwezo wa kufika Makka wako njiani, huku kusini mwa Unguja kulikuwa na watu na msikiti wao.

Ndiyo maana nataka masika: ndipo kusi inapoanza, ndipo majahazi yalipokuwa yakitweka tanga. Nitatoka baada ya alfajiri, kabla daladala hazijabanana sokoni, nipite makaburini, ambako miaka mingi mvua kubwa ilikuwa ikigeuza barabara ziwa. Halafu Tunguu na Bungi, na njia panda ya Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa ikifanya biashara na Ghuba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Nitakatisha msitu wa Jozani, nilale Kitogani kwa jamaa. Siku ya pili nashika kusini kupitia Muyuni. Mvua itaninyeshea, hilo halina mjadala.

Na shangazi tumeelewana: nisiiite hija. Hija ya babu ina njia yake, hija ya badali, na anayeifanya awe ameshajihijia mwenyewe kwanza. Hiyo inataka fedha ambazo bado sina. Kizimkazi inataka miguu. Nitaswali rakaa mbili, nimuombee mzee, kisha nipande daladala kurudi mjini, nianze kuweka akiba.