Burma si Nyama Pekee

Wasee, tukisema "twende Burma" tunamaanisha nyama. Nimekula pale karibu na Jogoo Road miaka mingi bila kujiuliza hilo jina lilitoka wapi. Lilitoka kwa wanajeshi wetu waliopigana Burma, siku hizi Myanmar, kwa Vita vya Pili vya Dunia.

Waliorudi angalau tunawajua wachache. Waruhiu Itote alipigana huko akiwa KAR, akarudi, akaingia msituni, akawa Jenerali China. Yuko kwa vitabu. Sasa yule jamaa waliyeenda naye na hakurudi, nani anamjua?

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma 1944, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Waliwafukuza Wajapani kwa bonde la Kabaw, mvua haikatiki, malori yanazama kwa matope, malaria inaangusha watu. Desemba wakafika Kalewa, kwa mto Chindwin. Wengine hata vita hawakuviona. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa Februari 1944, ikapigwa tarehe 12 karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao vijana wa mizinga kutoka huku kwetu.

Huko Taukkyan, nje ya jiji la Yangon, kuna makaburi ya vita na nguzo zilizochongwa majina karibu 27,000 ya wanajeshi ambao kaburi zao hazijulikani. Watu wa KAR wamo. Majina ya kwetu kabisa, kama yale ya kwa rejista ya darasa lako, kwa mawe ya nchi ambayo wengi wetu hatuwezi kuionyesha kwa ramani.

Na msinianzie eti ilikuwa vita ya wazungu. Ndiyo, ilikuwa. Mwafrika alilipwa kidogo kuliko mzungu wa cheo kile kile, hiyo inaniuma pia. Lakini mimi naweza kumkasirikia mkoloni na bado nimlilie kijana wa rika langu aliyeoza kwa matope ya watu.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka majina kwa mtandao, kutafuta ni bure. Weka jina la ukoo wenu. Jaribu kuliandika kwa njia tofauti tofauti, maana karani wa mkoloni aliandika alivyosikia. Ukipata mtu, usinitumie mimi kwanza. Mpigie nyanya yako umuulize kama anamjua.