Kibanda cha Mlinzi wa Moto: Historia ya Vilele vya Magharibi mwa Marekani

Katika majimbo ya Washington, Oregon, Idaho, Montana na California, miongoni mwa njia za miguu zinazopendwa na watu wanaopanda milima asubuhi na kurudi kabla ya giza ni zile zinazoishia kwenye kibanda cha mbao chenye madirisha pande zote nne, kilichojengwa juu kabisa ya kilele. Mpandaji hufika, hupumzika, huitazama theluji ya Mount Baker au ya Glacier Peak, hupiga picha kisha hushuka, na si ajabu akidhani kwamba kibanda kiliwekwa pale kwa ajili ya mandhari. Kiliwekwa kwa ajili ya moshi. Kutazama huko, ambako leo ni burudani ya siku ya mapumziko, kulikuwa kazi ya mshahara, yenye vyombo vyake vya kupimia na utaratibu wake, na nyuma yake palikuwa na sera ya serikali ambayo baadaye ilidhihirika kuwa na kasoro kubwa.

Idara ya Misitu ya Marekani iliundwa mwaka 1905 chini ya Gifford Pinchot, na ilikuwa bado changa ilipopatwa na msiba uliounda fikra zake kwa miongo mingi. Tarehe 20 na 21 Agosti 1910, baada ya kiangazi kikavu, upepo mkali uliunganisha mamia ya mioto midogo katika Idaho, Montana na sehemu ya Washington, ikateketeza takriban hekta milioni 1.2 kwa muda wa siku mbili na kuua watu wasiopungua 85, wengi wao wakiwa vibarua walioajiriwa kuizima. Karibu na mji wa Wallace, Idaho, msimamizi wa msitu Edward Pulaski aliwaingiza wanaume wapatao 40 katika handaki la mgodi na kuwazuia wasitoke kwa kuwatishia bastola, na kwa ukali huo wengi wao walinusurika. Viongozi wa idara walihitimisha kwamba kila moto mkubwa ulikuwa mdogo siku chache kabla yake, hivyo mwenye kuuona mapema angeweza kuuzima kwa watu wachache na majembe. Sheria ya Weeks ya mwaka 1911 ilifungua mlango wa fedha za serikali kuu kwa ajili ya ushirikiano na majimbo katika kukinga misitu dhidi ya moto, na kazi ya kuweka macho juu ya vilele ikaanza kwa bidii.

Walinzi wa mwanzo hawakuwa na nyumba. Waliishi katika mahema, wakapanda miti iliyopigiliwa ngazi na kutazama kutoka kwenye vilingo vya mbao vilivyofungwa kileleni mwa mti. Kazi hii haikuwa ya wanaume peke yao: mwaka 1913 Hallie Daggett aliajiriwa katika kituo cha Eddy Gulch, Msitu wa Taifa wa Klamath, California, akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa na Idara ya Misitu kwa kazi hiyo, na alirudi kileleni kwa misimu mingi mfululizo, ingawa kulikuwa na waliotabiri kwamba upweke ungemshinda.

Macho peke yake hayakutosha, kwa kuwa mtu anayeona moshi umbali wa kilomita 20 hawezi kwa kukisia kusema umetoka bonde gani. Tatizo hilo lilitatuliwa na William Osborne, mtumishi wa idara hiyohiyo, ambaye kuanzia takriban mwaka 1911 alibuni na kuboresha chombo kilichobeba jina lake. Ni meza ya duara iliyobandikwa ramani, kituo chenyewe kikiwa katikati ya ramani hiyo, na kuizunguka pana pete ya chuma iliyogawanywa kwa nyuzi 360, yenye tundu la kuchungulia upande mmoja na, upande wa pili, singa ya farasi iliyosimamishwa wima. Mlinzi aliizungusha pete mpaka singa ikakaa sawa na mguu wa moshi, akasoma idadi ya nyuzi kutoka kaskazini, kisha akapiga simu ofisini. Mlinzi wa kilele kingine alifanya vivyo hivyo, na mahali mistari yao miwili ilipokatana kwenye ramani kubwa ndipo moto ulipokuwa. Mfumo mzima ulitegemea basi mambo mawili: vilele vilivyoona mabonde yaleyale kutoka pande tofauti, na waya wa simu. Waya huo, uzi mmoja wa chuma uliopitishwa mtini hadi mtini, uliachwa kwa makusudi ukilegea, ili mti ukiuangukia ulale chini bila kukatika.

Umbo la vibanda nalo lilitokana na mahitaji hayo. Muundo ulioenea zaidi kuanzia miaka ya 1930, uliojulikana kama L-4, ulikuwa chumba kimoja cha takriban mita 4.3 kila upande, meza ya Osborne ikiwa katikati, na kitanda, jiko na kabati zikiwa fupi kuliko kizingiti cha dirisha ili zisizuie macho. Wakati wa radi mlinzi alisimama juu ya kigoda chenye miguu iliyovishwa vioo visivyopitisha umeme, huku nyaya za shaba zilizozunguka paa zikiupeleka umeme ardhini. Mbao za nyumba hizo zilikatwa mjini kwa vipimo maalumu, zikafungwa katika mizigo na kupandishwa kwa baghala, mnyama chotara wa punda na farasi. Kwa sababu hiyo njia nyingi za vilele hivyo hupinda na kurudi, kona baada ya kona, badala ya kupanda moja kwa moja: zilichimbwa kwa mwinuko ambao mnyama mwenye mzigo angeuhimili, na mpandaji wa leo anayelalamikia urefu wa njia hajui kwamba anapunguziwa makali na baghala. Pale ambapo kilele hakikuwa na nafasi, mlima ndio uliobadilishwa. Katika kilele cha Three Fingers, Washington, ncha ya mwamba ililipuliwa kwa baruti ili kibanda kipate pa kukaa, na mtu hukifikia kwa ngazi.

Ujenzi ulishika kasi baada ya mwaka 1933, Rais Franklin Roosevelt alipounda kikosi cha ajira kwa vijana waliokosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Vijana hao walijenga vituo kwa maelfu na kuchimba njia za kuvifikia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili baadhi ya vituo vya pwani ya Pasifiki vilitumika kulindia anga dhidi ya ndege za adui. Wasomaji wa fasihi huvifahamu zaidi vibanda hivi kupitia waandishi Gary Snyder na Jack Kerouac, ambaye alikaa siku 63 katika Desolation Peak mwaka 1956. Hata hivyo umaarufu wao umewafunika mno wanafunzi, walimu na wakulima waliofanya kazi hiyo kwa msimu mmoja au ishirini bila kuandika chochote zaidi ya daftari la hali ya hewa.

Mwaka 1935 idara ilitoa agizo kwamba kila moto udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata kugunduliwa kwake. Agizo hilo halikutenganisha moto uletao hasara na moto ambao misitu hiyo ilikuwa imeuzoea kwa karne nyingi, wala halikuwajali Wakaruk, wenyeji wa eneo la Klamath alikofanya kazi Hallie Daggett, ambao walichoma vichaka kwa mpango ili wapate mazao ya mialoni na fito za kusukia vikapu. Majani makavu na miti midogo ikarundikana mwaka baada ya mwaka, na mioto iliyofuata ikapata kuni ambazo mababu wa Wakaruk wasingeziacha. Sera hiyo iliachwa katika miaka ya 1970. Walinzi waliifanya kazi yao vizuri mno, na kosa lilikuwa la waliowatuma.

Kufikia wakati huo ndege na redio zilikuwa zimewapunguzia walinzi umuhimu, na vibanda vingi viliachwa vioze au vikachomwa moto na idara yenyewe kwa kuhofia ajali. Vichache bado vina walinzi, vingine hukodishwa kwa wageni wanaolala usiku mmoja, na vingine hutunzwa na vyama vya kujitolea. Kisa cha Green Mountain, Washington, kinaonyesha jinsi utunzaji huo ulivyo mgumu. Kibanda chake, kilichojengwa mwaka 1933, kimo ndani ya eneo linalolindwa na Sheria ya Pori ya mwaka 1964, ambayo huzuia majengo na matumizi ya mitambo. Kilipokarabatiwa na kurudishwa kileleni kwa helikopta, watetezi wa pori walifungua kesi, na mwaka 2012 mahakama iliamuru kiondolewe. Bunge lilipitisha sheria mahususi ya kukinusuru, ambayo Rais Barack Obama aliitia saini mwaka 2014. Hoja ya walalamikaji haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa sheria ya pori ilitungwa ili vilele vibaki bila alama ya binadamu; lakini mlima ambao binadamu ameulinda, ameuchimbia njia na kuunyima moto kwa miongo kadhaa haurudi kuwa pori tupu kwa kuondolewa mbao chache. Wanaotunza vibanda hivyo hawana budi kurudisha meza ya Osborne mahali pake na kumweleza mgeni ilitumikaje, pamoja na kosa la agizo la mwaka 1935.