Gari la Mbio Katika Nchi ya Dhahabu

Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema huku Mbangala, Songwe, habari hufika gereji kabla haijafika nyumbani kwa mwenye duara. Vijana wanakuja na simu mkononi kunionyesha picha: Mark X nyeupe, Crown Athlete nyeusi, Altezza yenye rimu za kumeta, mara nyingine Subaru yenye tundu la kuvutia hewa juu ya boneti. Wanataka neno moja tu kutoka kwangu, kwamba gari ni zuri. Na kweli ni zuri. Injini hizo nimezifungua miaka mingi na heshima yangu kwa waliozibuni haijapungua. Ila kabla sijajibu, hupenda kuanzia mbali, maana habari ya pesa ya ghafla na gari lisilo la barabara zetu ni ya zamani sana katika nchi hii ya Lupa.

Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920. Mji wa Mbeya wenyewe ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu yake. Miaka ya 1930 mabonde yetu yalijaa wachimbaji wa Kizungu na vibarua wa Kiafrika waliotoka mbali, na jirani zetu wa Saza wakapata mgodi mkubwa ambao kwa wakati wake ulikuwa wa pili nchini baada ya Geita. Ulifungwa mwaka 1956. Wazee walionilea walizungumza zaidi juu ya malori ya mgodi huo kuliko walivyozungumza juu ya dhahabu yake. Lori lilikuwa linaonekana. Dhahabu ilifungwa ikaondoka.

Kisha gari likarudi kwetu kwa njia nyingine, kupitia Tunduma, mpakani na Zambia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyotegemea reli za kusini, ikahitaji njia nyingine ya kupitishia mafuta na shaba. Mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania, na Fiat kutoka Italia zikaanza kupishana kwenye barabara ya udongo yenye zaidi ya kilomita 900 kati ya Dar es Salaam na mpaka. Wageni waliiita njia ya jehanamu. Baba yangu mdogo alikuwa utingo katika njia hiyo. Alisimulia masika ya Iringa ambapo malori yalilala foleni kwenye matope, na jinsi dereva alivyojua kwa mlio tu kwamba spring inakaribia kukatika. Bomba la mafuta lilifika mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Tunduma ikawa mji.

Lami ndiyo iliyotuletea tamaa ya mwendo. Kabla yake, gari bora lilikuwa Land Rover, na sifa yake ilikuwa kufika. Baada yake watu wakaanza kusifu gari kwa muda lililotumia kufika. Peugeot 404 ilikuwa imeshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966, 1967 na 1968, na 504 ikaja kushinda 1975 na 1978, kwa hiyo mwenye Peugeot alitembea na utukufu ambao kila mtu aliusikia redioni. Lakini nani alikuwa nayo? Miaka ya Ujamaa gari binafsi lilikuwa jambo la nadra. Fedha za kigeni zilikosekana, spea zikakosekana, na baada ya vita vya Kagera ikafika hatua ya magari binafsi kuzuiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta.

Mlango ulianza kufunguka kwa bajeti ya mwaka 1984, iliporuhusiwa mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Mwaka 1985 akaingia madarakani Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na mlango ukawa wazi. Gari la mtumba likaja kwanza kupitia Dubai, baadaye moja kwa moja kutoka bandari za Japani.

Vijana wengi hawajui kwa nini Mjapani anauza gari ambalo bado linang'aa. Kule gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake ni ghali. Mwenye gari hupiga hesabu, huona afadhali anunue jipya, na la zamani huenda mnadani. Huko hupewa karatasi ya alama; gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa huandikwa herufi R. Karatasi hiyo ipo. Mnunuzi wa Tunduma anayeonyeshwa gari ndani ya yadi, likiwa limeoshwa na kupigwa rangi ya tairi, ni mara chache anaiona.

Hata mwendo wa magari haya una historia yake. Tangu 1989 watengenezaji wa Japani walikubaliana kwamba gari la kuuzwa kwao lisitangazwe kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280, na makubaliano hayo yakadumu hadi 2004. Kikomo kingine kinaonekana kwenye dashibodi: nyingi tunazozipokea zinaishia 180, mwendo ambao gari lenyewe limewekewa kufuli. Crown Athlete yenye turbo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifika kwenye kikomo hicho cha farasi 280. Kwa mtu wa Songwe hiyo ndiyo Ferrari yake, na simlaumu. Ferrari yenyewe inahitaji lami ya Ulaya na fundi wa kuagizwa. Crown inapatikana Tunduma, usukani upo upande wetu, na spea zake zipo Mbeya.

Ufundi nilijifunza Tunduma, wakati wa magari ya IT. Hayo ni magari yanayopita kwenda Zambia, Malawi na Kongo, yanayoendeshwa kutoka bandarini na madereva wa kukodiwa waliotaka kumaliza safari usiku mmoja ili warudi kuchukua jingine. Tuliwajua kwa macho mekundu. Kitonga, Makambako, Inyala, kila mteremko wa njia ile una kumbukumbu zao za msiba, na wengi walibeba abiria wasioruhusiwa kuwabeba. Gari jipya machoni pa mnunuzi lilikuwa tayari limepigwa usiku kucha bila huruma.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuyaosha. Ukifungua mlango wa dereva, kwenye nguzo yake utakuta stika ndogo ya gereji ya Kijapani inayoonyesha siku oili ilipobadilishwa na kilomita zilizokuwa zimetembea. Mwaka huandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao; kwa enzi ya Heisei unaongeza 1988: Heisei 18 ni mwaka 2006. Bosi wangu alinifundisha hesabu hiyo kabla hajanifundisha kushika spana. Nakumbuka Mark II moja ya rangi ya fedha ambayo dashibodi yake ilisoma kilomita 68,000. Stika yake, ya miaka minne kabla, ilisoma 131,000. Dalali aliibandua kwa kucha mbele ya macho yangu, akaikunja, akaiweka mfukoni. Mpaka leo nikiletewa gari nikague, naanzia kwenye nguzo ya mlango, na nikikuta gundi bila karatasi, nauliza.

Shida nyingine haionekani kwa macho. Gari la IT linapita chini ya dhamana, bila kulipiwa ushuru wa ndani, na wapo waliojaribu kulibakiza nchini kwa karatasi za kuungaunga. Mnunuzi wa mwisho ndiye anayekutwa nalo maofisa wa mapato wa TRA wakija. Na anayelipa kihalali naye ashike kalamu kabla hajaagiza: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, na juu yake ushuru wa uchakavu, ambao kwa gari lililozidi miaka 10 ni asilimia 30. Bei ya Japani inayomvutia kijana kwenye simu ni sehemu tu ya safari.

Kisha gari linafika kwetu. Kuanzia Mbalizi kuelekea Mkwajuni, na zaidi kuingia huku kwenye maduara, Mark X inakutana na nchi ambayo aliyeichora hakuifikiria. Tumbo lake lipo kama sentimita 15 tu kutoka ardhini. Mawe ya quartz, yaleyale tunayoyasaga karashani kutafuta dhahabu, yanapasua sampo. Oili inamwagika, dereva anaendelea kwa sababu muziki uko juu, na injini inakwama. Nimeletewa nyingi za namna hiyo zikivutwa na Land Cruiser kuukuu.

Hata isipogonga jiwe, injini yake ya V6 ya lita 2.5 hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haizioshi vali za kuingizia hewa. Masizi hujijenga pale mpaka gari linatetemeka likiwa limesimama. Katika Mark X za toleo la kwanza, injini hiyo ilitengenezewa petroli ya daraja la juu. Huku kwetu petroli ya chupa hukaa juani kwenye meza kandokando ya njia, na ndiyo inayomiminwa. Halafu mtu anasema fundi ameshindwa, anamtafuta mwingine wa kung'oa sensa.

Ninachokataa ni kauli ya wakubwa kwamba vijana wa maduara hawana akili ya pesa. Mtu aliyeshuka futi nyingi chini ya ardhi kwa kamba, akavuta vumbi la mwamba kwa miaka, ana haki ya kukaa kwenye kiti laini kinachomsukuma mgongo akikanyaga mafuta. Nimekaa kando yao kwenye lami ya Mlowo wakati wa kujaribu gari na nimeiona furaha hiyo usoni. Tangu masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019, wengi wanauza kwa risiti na wanajua walichopata. Kinachokosekana ni mtu wa kukagua kabla pesa haijatoka.

Kwa hiyo siku hizi napanda nao basi kwenda Tunduma. Namwomba muuzaji asiwashe gari kabla sijafika, ili nilisikie likiwa baridi. Nafungua mfuniko wa oili, natazama masizi, nalala chini nione sampo na alama za kuchomelewa, nalinganisha namba ya chesisi na kadi, na tunakwenda kuulizia ushuru wake kabla ya kukaa mezani. Kuna wenye yadi wanaochukia kuniona. Mwezi uliopita kijana mmoja aliacha Crown aliyoipenda sana, akachukua Probox kwa ajili ya mgodini, na salio akaliweka. Crown anaitaka bado, na tumekubaliana tutaitafuta ikiwa na karatasi yake ya mnada, naye atapanga banda la kuilaza Vwawa, kwenye lami.