Biwi na matandazo

Mkulima wa Salamabila, kule Kabambare, hufyeka kichaka kwa panga kiangazi kinapoingia, huacha majani yakauke, kisha huyachoma kabla ya mvua. Vijiti vilivyogoma kuungua hukusanywa lundo vichomwe tena. Lundo hilo lina jina katika kamusi: biwi, wingi wake mabiwi. Wengi siku hizi tunasema “takataka” tu, na naona ni hasara. Takataka hutupwa, biwi lina kazi. Jivu lake huacha potasiamu na chokaa shambani, ndiyo maana mahindi ya mwaka wa kwanza hunawiri. Naitrojeni, kwa bahati mbaya, hupaa na moshi.

Ipo mashine isiyoacha biwi: trekta lenye rola ya meno ya chuma, linalosaga vichaka na miti midogo papo hapo. Vipande hivyo huitwa matandazo, kwa kuwa hutandazwa juu ya udongo. Vikifukiwa badala ya kutandazwa, vijidudu vinavyoviozesha huipokonya mimea naitrojeni. Mizizi ya vichaka, hata hivyo, hubaki ardhini, na mingi huchipua upya. Panga linahitajika tena.