Kuagiza Vipuri vya Kompyuta Ng'ambo: Hukumu ya Kodi, Kupunguza Bei kwenye Ankara na Kupitisha Mzigo Unguja

SWALI

Sisi ni familia ya Unguja. Ndugu yetu ni mwalimu wa skuli Manyoni, mkoa wa Singida, na jioni anasomesha madrasa. Wana kompyuta kuukuu zilizokufa kwa kukosa RAM, diski na chaja. Tumechanga pesa ili mtoto wetu aagize vipuri hivyo China kwa njia ya intaneti, thamani yake kama shilingi 500,000. Muuzaji anasema yuko tayari kuandika kwenye ankara shilingi 100,000 tu, au kuandika kuwa ni zawadi. Mtu mwengine anatushauri mzigo uje Unguja, kisha uvushwe kwa boti ndani ya begi la msafiri, kwa sababu kodi ya huku ni ndogo. Tumesikia pia kwamba kodi za forodha ni maks, na maks ni haramu. Tufanye nini?

JIBU

Kila sifa njema ni ya Allah (Subhanahu wa Taala), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu (Swalla Llahu alayhi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake.

Jibu kwa ufupi: kununua ni halali, na kulipa kodi inayodaiwa hakuna dhambi juu ya mlipaji. Kuandika bei ya uongo, au kuita bidhaa iliyonunuliwa kuwa ni zawadi, haifai. Kupitisha mzigo Unguja kunafaa ukielezwa kama ulivyo, na hakufai ukifichwa. Ama kuhusu maks, suala hilo ni la kweli na wanavyuoni wamelizungumza, lakini haliufanyi uongo kuwa halali. Ufafanuzi ni kama ufuatao.

KWANZA: Ni kodi gani zinazodaiwa?

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Lipo la ushuru wa forodha, na ipo kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT.

Ushuru wa forodha unafuata orodha moja ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Januari 2005. Katika orodha hiyo kompyuta na vipuri vyake hasa, kama RAM na diski, vimo kwenye fungu la asilimia 0. Hapa ndipo watu wanapopata habari kwamba "kompyuta haina kodi". Habari hiyo ni nusu tu ya ukweli. Isitoshe, si kila kinachoambatana na kompyuta ni kipuri chake mbele ya forodha. Mfuko wa kubebea, kwa mfano, una fungu lake. Chaja na nyaya nazo ziulizeni moja moja kabla ya kuagiza.

VAT ni jambo jengine. Kwa Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha bidhaa zinazoingizwa ni asilimia 18, na kwa Zanzibar ni asilimia 15. Hutozwa juu ya thamani ya mzigo baada ya kuongezwa ushuru, kama upo. Juu ya hizo kuna ada ndogo ndogo, kama ile ya maendeleo ya reli iliyoanzishwa Bara mwaka 2015.

Tuchukue mzigo wenu wa 500,000, tukiacha ada ndogo. Ukiingia moja kwa moja Bara, VAT ni 90,000. Ukiingia Zanzibar, ni 75,000. Tofauti ni 15,000. Muiweke akilini hesabu hii, tutairudia.

Jueni pia kwamba viwango hivi hubadilika kwa sheria za fedha za kila mwaka. Mwaka 2021 Bara iliondoa VAT kwenye simu janja, tableti na modemu, na mwaka 2022 msamaha huo ukafutwa. Kwa hiyo msitegemee maneno ya aliyeagiza mwaka juzi. Waulizeni TRA kabla ya kulipa pesa ya muuzaji.

Na wale wenye jamaa Uarabuni au Marekani wafahamu hili: kodi iliyolipwa dukani huko haipunguzi kodi ya huku. Imarati wana VAT ya asilimia 5 tangu Januari 2018, na Oman asilimia 5 tangu Aprili 2021. Marekani kila jimbo lina kodi yake ya mauzo, na yako yasiyokuwa nayo kama Oregon na Delaware. Mzigo ukifika bandarini kwetu huhesabiwa upya.

PILI: Je, kodi hizi ni maks?

Maks ni tozo inayochukuliwa kwa watu pasina haki, na zimepokewa Hadith zenye makemeo makali kwa mwenye kuitoza. Angalieni kwamba makemeo hayo yanamwelekea anayetoza kwa dhulma. Mwenye kutozwa hakutajwa kwa dhambi.

Je, kila tozo ya mpakani ni maks? Wanavyuoni hawakusema hivyo. Imepokewa kwamba Abu Musa Al-Ash'ari alimwandikia Umar bin Al-Khattab (Radhiya Llahu anhu) kuwa wafanyabiashara wa Kiislamu wanatozwa sehemu ya kumi wakiingia nchi za watu wengine. Umar akaagiza wafanyabiashara wa nchi hizo watozwe vivyo hivyo wakiingia kwa Waislamu, na Muislamu achukuliwe dirham moja katika kila arubaini. Na katika waliokuja baadaye, Imamu Al-Juwayni na Imamu Al-Ghazali, na katika Maliki Imamu Ash-Shatibi, walikubali mtawala kuwatoza wenye uwezo pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ni ya kweli.

Lakini waliweka masharti, na masharti hayo hayakuwa ya mapambo. Imamu An-Nawawi, ambaye Minhaj yake imesomeshwa visiwani kwetu kizazi baada ya kizazi, alikataa kumpa Sultan Baybars fatwa ya kuwatoza watu wa Sham kwa ajili ya vita na Matatari. Hoja yake ilikuwa kwamba watumwa na vijakazi wa Sultan wamejaa dhahabu. Hiyo itolewe kwanza, kisha raia wafuatwe. Kabla yake Izzuddin bin Abdissalam alisema maneno ya maana hiyo hiyo Misri, kabla ya vita vya Ayn Jalut vya mwaka 1260.

Kwa hiyo kodi inayojenga skuli, hospitali na barabara, ikitozwa kwa uadilifu, wanavyuoni wengi wa zama zetu wameijuzisha. Inayotozwa kwa dhulma au kutumiwa kwa ufisadi, dhambi yake iko kwa mwenye kudhulumu. Katika hali zote mbili, nyinyi mnaolipa hamna makosa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Jina la Forodhani, tunakopita kila jioni, latokana na forodha. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833 ulitaja ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa. Wazee wetu waliishi na forodha na wakafanya biashara zao.

TATU: Kuandika bei ndogo, au "zawadi"

Hapa ndipo penye uzito wa suala. Muuzaji akiandika 100,000, VAT ya Bara inakuwa 18,000 badala ya 90,000. Mmeokoa 72,000. Mmezipata kwa nini? Kwa karatasi inayosema jambo ambalo nyote mnajua si kweli.

Na si karatasi ya muuzaji peke yake. Atakayetoa mzigo huwasilisha tamko la forodha kwa jina la mwenye mzigo, na tamko ni ushahidi. Allah (Subhanahu wa Taala) Ameamrisha kutimiza mikataba mwanzoni mwa Suratul Maidah, na ushahidi wa uongo umehesabiwa katika madhambi makubwa. Mtume (Swalla Llahu alayhi wa sallam) alipotia mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta chini kumerowa, alimkemea muuzaji kwa kuficha. Hakumuuliza faida yake ni kiasi gani.

Huenda mtu akasema: wako wanavyuoni walioruhusu kujikinga na dhulma ya tozo. Ni kweli. Lakini maneno yao ni kwa aliyenyang'anywa mali yake pasina haki na hana njia nyengine. Nyinyi hamjanyang'anywa. Mnaagiza kwa hiari, mnaijua kodi kabla, na njia ya kupinga ipo: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa mwenye mzigo siku 30 kuomba uamuzi uangaliwe upya akiona amekadiriwa zaidi ya haki. Anayeweza kudai haki yake kwa ukweli hana dharura ya kusema uongo. Kisha tazameni madhara: tamko la uongo ni kosa la jinai, lina faini na kifungo, na mzigo hutaifishwa. Atakayeitwa ni kijana wenu aliyeagiza, au mwalimu aliyeandikwa kuwa mpokeaji. Muuzaji yuko China.

Kumpa afisa chochote ili afumbe macho ni rushwa, na hukumu yake inajulikana: mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa.

Ama mawakala wanaotoza kwa kilo na kusema "kodi imo ndani", kuwatumia kunajuzu, kwa sharti msijue kuwa wanapitisha kwa uongo. Ombeni stakabadhi ya kodi. Wakikataa au wakicheka, tafuteni wengine.

NNE: Kupitisha mzigo Unguja

Muislamu hakatazwi kuchagua njia yenye kodi ndogo iliyo wazi kisheria. Familia inayoagiza kompyuta ya kutumia Unguja inalipa asilimia 15, na hilo ni halali yake. Lakini bidhaa iliyolipiwa VAT Zanzibar kwa kiwango kidogo ikivushwa kwenda kutumika Bara, hudaiwa tofauti ile. Kutozwa mara mbili kwa bidhaa zinazovuka bahari kulikuwa katika hoja za Muungano kwa miaka mingi, na mwenye malalamiko ana haki ya kuyasema. Kulalamika ni jambo moja, na kuficha ni jengine.

Rejeeni sasa ile hesabu. Tofauti ni 15,000, na nauli ya boti ya mtu mmoja kwenda Dar es Salaam inazidi hiyo. Ukipitisha kwa ukweli hupati kitu. Njia hiyo ina faida kwa mwenye kuficha tu. Kwa mwalimu wa Manyoni lililo jepesi ni mzigo kuingia Dar es Salaam kwa jina lake, ulipiwe huko, kisha upelekwe kwa posta au kwa basi. Manyoni iko kwenye barabara kuu itokayo Dodoma na kwenye reli ya kati, haihitaji mzunguko wa baharini.

Mtu anayesafiri na kompyuta yake mwenyewe anayoitumia hayumo katika maneno haya.

TANO: Amana ya michango

Pesa hizi ni za wachangaji na zimewekewa lengo. Kijana aliyeagiza ni wakili. Akipata punguzo, ni la madrasa, si lake, ila mkikubaliana mapema ujira unaojulikana. Kodi iingizwe katika hesabu ya mchango tangu mwanzo na wachangaji waambiwe: vipuri ni 500,000, kodi ni kama 90,000, kuna ada na usafiri. Kinachobaki kirudishwe au kitumiwe kwa idhini yao. Mchango wa kheri haufai kusafiri na karatasi ya uongo hadi kwenye chumba wanachosoma watoto Qur-aan.

Someni pia masharti ya muuzaji. Akiandika kwamba bei imejumuisha kodi za nchi ya mnunuzi, ni juu yake kuzilipa. Asipoandika, ni juu yenu, na kutojua kodi ya nchi yenu si aibu ya bidhaa inayowapa khiyari ya kurudisha. Kipuri kikija kibovu, hapo khiyari ipo. Na kodi hii haihesabiwi kuwa ni Zaka. Zaka ina wanaostahiki wake, nayo hubaki juu ya mwenye mali.

HITIMISHO

Mwambieni muuzaji aandike bei ile ile mliyolipa. Pelekeni ankara hiyo na uthibitisho wa malipo kwa wakala mwenye leseni. Mkiona mmekadiriwa kupita kiasi, pingeni ndani ya siku 30 kwa karatasi zenu hizo hizo. Aliyesema kweli ndiye mwenye karatasi za kumtetea. Kama pesa hazitoshi pamoja na kodi, agizeni vya kompyuta nne badala ya sita, na nyengine zisubiri mchango mwengine.

Tunamuomba Allah (Subhanahu wa Taala) Aibariki mali yenu, Awanufaishe watoto wa Manyoni kwa elimu, na Awaongoze wenye kukusanya mali za watu wazitumie kwa uadilifu. Aamin.

Na Allah Ndiye Mjuzi zaidi.