Titani na nikeli: Metali za ndege zinazochosha visu vya mafundi

MWENDO mfupi kutoka mtaa wa Huruma, mashariki mwa jiji la Nairobi, liko eneo la Kariobangi Light Industries, ambako mafundi hukereza shafti, hutoboa vyuma na kufufua vipuri vya magari na mitambo. Chuma cha kawaida huwatii. Lakini zipo metali ambazo fundi akizikata kwa mazoea yale yale, ncha ya kisu chake huungua kabla kazi haijafika nusu. Nyingi kati ya hizo ni zile zinazoundiwa ndege.

Mbili hutajwa zaidi. Ya kwanza ni titani, hasa iliyochanganywa na alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4. Uzito wake ni kama asilimia 60 tu ya ule wa chuma, ilhali nguvu zake zakaribia za chuma cha pua kilicho imara. Ya pili ni aloi za nikeli, mathalani Inconel 718, ambazo hutengenezewa sehemu za ndani za injini ya jeti, palipo na joto kali.

Katika ndege aina ya Boeing 787, ambayo shirika la Kenya Airways lilianza kuipokea mwaka wa 2014, titani ni takriban asilimia 15 ya uzito. Sababu moja ni kwamba alumini ikigusana na nyuzi za kaboni, zilizojaa katika mwili wa ndege hiyo, huliwa na kutu. Titani hailiwi.

Wengi hudhani tatizo ni ugumu. Sivyo; kwa titani, tatizo kuu ni joto. Kisu kinapokata chuma cha kawaida, sehemu kubwa ya joto linalozalishwa huondoka pamoja na maranda. Aloi ya titani hupitisha joto kwa takriban sehemu moja ya saba tu ya kiwango cha chuma hicho. Joto hukosa njia, likarundikana kwenye ncha ya kisu. Katika hali hiyo titani huanza kushikamana na kisu chenyewe na kukimega. Isitoshe, metali hii hunesa: husukumwa na kisu, kisha hurudi na kukisugua.

Nikeli ina hila nyingine. Hubaki na nguvu zake hata inapokuwa na joto kali, na kila inaposuguliwa uso wake huzidi kuwa mgumu. Fundi mwoga anayeparuza juujuu kwa kuhurumia kisu ndiye anayejiongezea taabu.

Utafiti wa mambo haya una mizizi mirefu. Mmarekani Frederick Taylor alichapisha mwaka wa 1906 matokeo ya majaribio ya takriban miaka 26 kuhusu ukataji wa metali, akionyesha jinsi mwendo wa kukata unavyofupisha maisha ya kisu. Kanuni hiyo bado hutumika. Kwa kisu cha kabidi, chuma laini hukatwa kwa mita 150 kwa dakika au zaidi; titani huhitaji kama mita 60, na nikeli kama 30. Watafiti wamejaribu visu vya kauri kwa nikeli, maji ya kupoza yanayorushwa kwa shinikizo kubwa, hata naitrojeni iliyo kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri.

Kipuri cha ndege hakiwezi kuchongwa katika karakana yoyote tu, kwani sheria za usafiri wa anga hudai idhini maalumu. Hata hivyo, elimu hii ina faida Kariobangi. Chuma kisichoshika kutu, kile cha sufuria na mitambo ya maziwa, ni jamaa wa karibu wa metali hizi: hupitisha joto kidogo na huwa kigumu kinaposuguliwa. Dawa ni ile ile. Punguza mwendo, noa kisu vyema, kata kwa kina bila kusitasita, na usiache maji ya kupoza yakatike.

Liko pia suala la usalama, nalo si dogo katika mtaa wenye msongamano kama Huruma. Vyuma chakavu husafiri, na kipande cha titani chaweza kuangukia karakana bila mwenyewe kukitambua. Kikisagwa, hutoa cheche nyeupe zinazong'aa mno. Maranda yake membamba hushika moto, na moto huo haumwagiwi maji: titani iwakayo huyapasua maji na kutoa hidrojeni, ambayo hulipuka. Hufunikwa kwa mchanga mkavu kabisa, na maranda yenyewe huzolewa kila siku na kuwekwa kwenye debe la chuma lenye kifuniko, mbali na cheche za uchomeleaji.